Bangili ya Mzee Shemweta

Kila Ijumaa asubuhi, mwanamume aliyevuka miaka sitini alitakiwa kuvaa bangili ya serikali kwa robo saa. Ikisema moyo umetulia, kibandiko cha homoni za kiume begani mwake kiliachia dawa ya juma zima. Ikikataa, alikosa mpaka Ijumaa nyingine.

Moyo wa Mzee Shemweta haukutulia kamwe. Tangu aanze dawa ulikuwa ukienda mbio kama cherehani, naye hakuwa tayari kuuachia ujana uliomrudia. Basi mkewe, Mama Kidawa, ndiye aliyekuwa akiivaa bangili kwa niaba yake, huku akichagua mchele.

Ijumaa hiyo mzee alioga, akajifukiza udi, akaketi jamvini ubavuni pa mkewe. Akamshika mkono, ule wenye bangili.

"Mama Kidawa, unajua haya yote nayafanya kwa ajili yako?"

"Najua, mume wangu."

"Nataka unione kama ulivyoniona siku ile ya kwanza, kwenu Handeni."

Akambusu kiganja. Kisha akaikodolea macho bangili, akiomba kimoyomoyo moyo wa mkewe uishtue japo kidogo, ingawa alijua fika kwamba ikishtuka, dawa ataikosa.

"Moyo umetulia," ilisema bangili. Joto la dawa likamtambaa begani.

"Haya, tumefaulu," alisema Mama Kidawa, akaurudia mchele wake.

Mzee hakujua ashukuru au alie. Kifuani moyo wake ulidunda, ukasita, ukadunda tena, wala hapakuwa na wa kuupima.