Ufa wa Upande wa Baraza

Shimo lilipofika kina cha kiuno, Fundi alichota udongo kwa kiganja akaufinya. Uligeuka tonge, ukang'aa kwa unyevu. Aliutazama kwa muda, kwa maana mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi minne, na kwingineko uani ardhi ilikuwa imepasuka hata kuku walikuwa wakidonoa punje zilizozama nyufani wasizifikie.

Aliyemwita ni Mama mwenye nyumba. Ukuta wa nyuma, upande wa baraza, ulikuwa na ufa ulioanzia dirishani ukateremka hadi chini, mpana wa kuingiza kidole. Nyumba hiyo ilijengwa na mwanawe wa pekee, aliyekuwa naye fundi wa zege. Baraza ndilo lililokuwa kazi yake ya mwisho. Alilimwaga asubuhi, akalifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, akapanda lori kwenda kufuata kokoto za kujengea mfereji wa kando yake. Lori lilipinduka kabla ya adhuhuri. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Mama hakuomba ukuta mpya. Alikuwa na swali moja tu.

"Niambie, Fundi, na usinifiche. Mwanangu alikosea?"

Aliuliza kwa sababu mumewe alikwisha kutoa hukumu. Mumewe alikuwa mwalimu mstaafu, na hata wazee wa rika lake walimwita Mwalimu. Alikaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, suruali imepigwa pasi, mikunjo imenyooka kama rula mpaka magotini, palipochakaa. Mama alilalamika kwamba kila baada ya miezi michache humtilia viraka pale pale. Fundi alitania kwamba bila shaka Mwalimu anasali kuliko watu wote mtaani. Mwalimu hakucheka.

Siku ya maziko, majirani walisimulia, hakutoa hata chozi. Na ufa ulipotokea, alimwonyesha kila mgeni kwa ncha ya bakora yake, kama aonyeshavyo kosa ubaoni.

"Nilimsomesha ashike kalamu, akashika chepe," alisema sasa. "Na hilo chepe lenyewe, hebu tazama."

Fundi alikuwa ametaka kuvunja ukingo wa baraza ili aufikie msingi kwa urahisi. Mwalimu alimkatalia. Achimbe kwa nje, alimwambia; baraza haliguswi. Liachwe liwe ushahidi wa uzembe.

Basi alichimba kwa nje. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa umeondolewa kwa kina chini ya msingi. Mahali pake palijazwa changarawe, ikashindiliwa tabaka kwa tabaka. Msingi ulikuwa mpana, na pale alipopagonga ili kupima, zege lilimjibu kwa mlio mkavu, kama kengele. Alitoka shimoni akafuta mikono.

"Mama, angekuwa hai, mimi na mvi zangu hizi ningemwomba anipe kazi."

Mama aliketi juu ya debe lililokuwa karibu. Baadaye alimgeukia mumewe na kumwuliza kama amesikia. Mwalimu alikuwa anatazama shimo.

"Kama kazi ni njema," alisema, "ufa umetoka wapi?"

Fundi alieleza. Udongo huu, alisema, ni kama mkwe: ukimpa mno huvimba, ukimnyima hupasuka. Chini kabisa, chini ya changarawe, nyumba nzima imekaa juu ya udongo mkavu, isipokuwa pembe hii moja, ambayo inanyweshwa; kwa hiyo pembe inanyanyuka na ukuta unachanika. Kuna maji yanayomwagwa juu ya baraza, tena mara kwa mara. Yanateremka ukingoni na kuzama kwenye msingi, kwa kuwa mfereji wa kuyapeleka mbali haukuwahi kujengwa.

Mama alishangaa. Bomba halipiti upande huo, na nguo yeye hufulia kule mbele. Ni kweli kwamba maji ya pipa huisha upesi, lakini siku zote alikuwa akiwalaumu mbuzi wa jirani.

Ndipo Mwalimu alipouliza jambo ambalo Fundi hakulitarajia.

"Zege likishamwagwa, humwagiliwa maji siku ngapi ili likomae?"

"Saba, Mwalimu. Ukiwa mtu wa uangalifu mno, ishirini na nane. Baada ya hapo hulinyweshi zege tena, unaunywesha udongo."

"Saba," Mwalimu alirudia polepole. "Una hakika?"

"Nimeifanya kazi hii miaka arobaini."

Mwalimu aliinuka, akaingia ndani. Chai yake ilibaki kando ya kiti, imejaa, mpaka ikafanya utando.

Kesho yake Fundi aliwahi alfajiri, kabla Mama hajaamka, ili aanze kuchimba mfereji kabla ya jua kukolea. Lango lilikuwa wazi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama na sururu begani.

Baraza lilikuwa limetandikwa magunia ukingo hadi ukingo, yamenyooshwa bila kunjo hata moja. Katikati yake Mwalimu alikuwa amepiga magoti, mikono ya shati imekunjwa, ndoo ubavuni. Alichota kwa kopo, akamimina taratibu, akalaza kiganja juu ya gunia kama apimaye homa. Maji yalitambaa hadi ukingoni, yakawa yanadondoka ndani ya shimo la jana.

Alisikia hatua, lakini hakugeuka.

"Siku saba hakuzitaja, Fundi," alisema. "Aliniambia, 'Baba, usiliache likauke mpaka nirudi.'"