Tume ya Kupunguza Watu

Murhula alikuwa akihesabu wafungwa uani gari la tume lilipopiga honi nje ya gereza. Alitafuta ufunguo kiunoni, akafungua geti, akasema bonjour, akaenda kuleta viti. Ilikuwa saa nne asubuhi. Walinzi sita wa gereza walikuwa bado hawajafika.

Mwaka huo wa 1999 vita vilikuwa vimeitenga Bukavu na Kinshasa, na wakubwa walioushika mji hawakuwa na kitu. Basi waliunda tume ya kupunguza watumishi wa serikali, ambao sura ya mshahara walikuwa wameshaisahau. Kupunguza watu wasiolipwa si kazi ya kila mtu, inataka wasomi. Ndiyo maana walitumwa Papa Marcellin na miwani yake, na Maman Adèle na mashine yake ya kuandikia.

Murhula hakuwaogopa. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: kesho, Jumamosi, binti yake Carmel angefunga ndoa. Mara tatu alikuwa amemwomba direkta wa gereza, Papa Télesphore, ruhusa ya siku moja. Mara tatu direkta alijibu kwamba jambo hilo halimo katika uwezo wake. Bintu, mkewe, aliyemletea bugali kila adhuhuri na shati lililopigwa pasi kila Jumatatu, alikuwa ameacha hata kuuliza. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Wewe uko unafanyaka nini hapa?" Papa Marcellin aliuliza.

"Nashikaka fungulo, papa. Naandikaka registre, nagawaka maji. Batu bakipigana, naamulaka."

"Unafikaka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja ya asubui niko tayari hapa."

"Na kutoka?"

"Sitokake."

Papa Marcellin alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Congé? Siku za kupumuzika?"

"Tangu quatre-vingt-douze, myaka saba yote, hata siku moja. Nilikuwa mwalimu kule Luvungi, njo bakanileta huku."

"Salaire? Mushahara?"

"Siombake, papa."

Maman Adèle aligonga mashine yake kwa raha. "Matricule? Namba yako?"

"Deux cent dix-sept, maman."

Kisha Maman Adèle akainuka kwenda kuhakiki wafungwa. Sare zilikuwa zimekwisha zamani kwa watu wote, kwa hiyo alihesabu vichwa tu, mara mbili. "Registre inasema soixante-trois," alisema aliporudi, kichwa kimoja kikiwa kimepungua. "Miye naona soixante-deux."

"Ule mumoja iko ku kazi, maman."

Akaandika kwamba hesabu iko sawa.

Kwenye saa tano walinzi walianza kuingia mmoja mmoja, wengine bado na udongo wa shamba miguuni. Papa Télesphore alifika saa sita kwa pikipiki, akinukia sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga. Papa Marcellin hakupoteza maneno. Walinzi sita walipunguzwa kwa uchelewaji. Direkta naye alipunguzwa kwa uchelewaji, na pia kwa sababu alikuwa ameandika barua nne akidai mshahara, mwenendo ambao tume iliuona kuwa wa hatari wakati wa vita.

"Na gereza itabakia na nani?" Papa Télesphore aliuliza.

"Itabakia na ule mwenye anatumikaka." Papa Marcellin alimwonyesha Murhula. "Kuanzia leo, yeye njo direkta."

Papa Télesphore alimtazama Murhula kuanzia kichwani hadi miguuni. Aliweka muhuri wa gereza juu ya meza, akatoka akicheka peke yake mpaka kwenye pikipiki.

Tume nayo iliondoka, imeridhika. Murhula aliketi polepole kwenye kiti cha direkta. Alivuta droo, akatoa fomu moja, akaijaza kwa mwandiko wake wa ualimu, bila haraka, asije akakosea.

Jina la mfungwa: Murhula Cirhuza. Kifungo: miaka kumi na tano. Alichotumikia: saba. Sababu ya kuachiliwa: kupunguzwa kwa watu.

Akapiga muhuri, na mahali pa sahihi akaandika: Murhula Cirhuza, direkta.