Fuko Mlinzi wa Kisima

Kisima kilikuwa na sheria: kila mnyama kibuyu kimoja. Fuko, asiyeona, alipewa ulinzi kwa sababu alijua kuuliza majina.

Tandu akaja na vibuyu arobaini, kimoja kwa kila mguu.

"Nani wewe?"

"Tandu, mchotaji wa haraka."

"Wachotaji wa haraka hawaruhusiwi."

Tandu akazunguka kichaka, akarudi. "Mimi Swala."

"Karibu, bwana Swala."

Vibuyu arobaini vikazama kwa mpigo. Fuko alisikia, akatafakari sana, kisha akawapiga marufuku swala wote.

Swala mwenyewe alipofika na kiu yake, akatimuliwa. Tandu akaendelea kuja kwa majina ya wengine, na kila jina likapigwa marufuku.

Tangu hapo kisima kinalindwa vizuri mno, na wanyama wote wanakunywa kwa Tandu. Hata Fuko hunywea huko. Tandu hamuulizi jina.