Anga Safi ya Tunu

Enzi hizo ndege za abiria zilirushwa na marubani waliokaa majumbani mwao, wakiziongoza kwa mchezo wa kompyuta. Asubuhi moja Tunu, akiwa sebuleni kwake Tanga, alikuwa akipeleka ndege Mwanza, mara picha ikaanza kukwamakwama.

"Mume wangu, njoo! Naruka kama kipofu!"

Kibwana akaja mbio, mikono imejaa unga, akabonyezabonyeza kompyuta. "Nimeipunguzia picha mzigo. Jaribu sasa."

Loo! Picha ikateleza kama mafuta. Anga safi, ziwa linameremeta. Tunu akaitua ndege kwa ulaini hata abiria wakapiga makofi, naye akacheka kwa furaha.

"Ahsante, rubani," bibi mmoja akasema kwenye spika kutoka ndegeni. "Mawingu mazito vile, nawe umeyapasua bila kusita!"

Tunu akaacha kucheka. "Kibwana, mimi sikuona wingu hata moja. Umepunguza nini?"