Nimemwona

Mvua za kwanza za masika zilikuwa zimelijaza bwawa. Watazama ndege walipita kandoni mwa matete, na Bi Mwanakheri alikuwa wa mwisho, darubini ya marehemu mumewe ikimning'inia kifuani.

"Dada, nisaidie," alimwambia Saluma, mwongozaji wao, akifungua daftari la marehemu. "Mume wangu alikuja hapa kila Jumamosi, lakini jina la ndege hakuliandika hata mara moja. Sikiliza: 'Nimemwona. Shingo ndefu, mwendo wa madaha. Akigeuka, moyo hunienda mbio.' Ni ndege gani huyu?"

"Atakuwa korongo," alisema Saluma bila kulitazama daftari.

Akatangulia, akinyanyua miguu taratibu topeni, shingo yake ndefu ikichomoza kwenye mtandio wa kijivu.

Mbele yake matete yakatikisika, korongo akainua kichwa. Bi Mwanakheri akaipeleka darubini kwa ndege, kisha kwa Saluma, kisha kwa ndege tena, asijue aitulize wapi.

Saluma akageuka.

Bi Mwanakheri akashusha darubini, na chini ya mwandiko wa mumewe akaandika: Nimemwona.