Kindi na Karanga Tisini

Kindi hakumwamini mtu. Aliweka karanga tisini za kula wakati wa kiangazi kwenye shimo la jirani yake Fuko, na kila asubuhi alikwenda kuonja moja, ahakikishe Fuko hajambadilishia mbovu.

Kiangazi kilipoingia akakuta shimo tupu.

"Nilijua tu wewe ni mwizi," akasema.

Fuko akaendelea kuchimba. "Jirani, ulikuwa unaonja ngapi kwa siku?"

"Moja tu."

"Kwa siku ngapi?"

Kindi akahesabu kwa makucha, kisha akarudia, maana hata makucha yake hakuyaamini. "Tisini," akasema taratibu.

"Na uliweka ngapi?"

Kindi akamkazia macho. "Kumbe hesabu hii ulikuwa unaijua siku zote, ukanificha."