Mia Tatu za Mwalimu

Fundi cherehani aliibandua stika yenye jina lake kwa ukucha, taratibu, kama anayefumua mshono wa hariri. Akaibandika kwenye kichupa cha damu ya mwalimu aliyemtangulia, na stika ya mwalimu akaihamishia kwenye chake. Mpima damu aliporudi kutoka kupokea simu, alimkuta mzee anakunjua mkono wa shati.

Kisa chenyewe ni mwalimu mkuu mstaafu. Wawili hao walikuwa na ugonjwa mmoja, moyo uliochoka kusukuma damu, na kila mwezi walikaa benchi moja la kliniki. Daktari alishawaeleza: moyo ukielemewa humwaga kitu fulani kwenye damu. Kikipimwa namba ikawa ndogo, bado una safari ndefu mbele yako. Ikiwa kubwa, mambo si mazuri: miguu huvimba, na ukilala chali pumzi hukata.

Fundi hajawahi kushuka chini ya elfu nne. Mwalimu naye kila akipata majibu lazima atangaze, korido nzima isikie.

"Mia tatu tu! Fundi, wewe bado uko kwenye maelfu? Au moyo wako unautia viraka?"

Benchi zima lilicheka. Mke wa fundi naye akacheka, na hapo ndipo pilipili ilipoingia jichoni.

Nyumbani wimbo ukawa huohuo. "Muone mwenzio, baba watoto. Mkewe ananiambia siku hizi hata kitandani hapandi. Anajilalia zake kwenye kiti, ameegemea mito, redio mapajani. Raha mustarehe!"

"Basi nenda kaolewe na hiyo redio."

Leo asubuhi viatu vilimwingia fundi bila kugombana na miguu, na ngazi za kliniki alizipanda zote bila kusimama kuvuta pumzi. Hata hakutambua. Wivu ulikuwa umemfika kooni. Alitaka mara moja tu, mbele ya mkewe, aitwe yeye mia tatu, na yule mwenye maringo ayaonje maelfu. Mwezi ujao kila mtu angerudishiwa chake. Nani amewahi kufa kwa stika?

Majibu yalipotoka, aliingia kwa daktari na mkewe, kifua mbele.

Daktari hakutabasamu. "Mzee, leo hurudi nyumbani. Elfu kumi na mbili. Nimeshaagiza kitanda."

"Elfu ngapi? Daktari, hiyo si..." Mkewe alikuwa ameshaanza kulia, amemng'ang'ania mkono.

Mlango wa chumba cha jirani ukafunguka kwa kishindo. Mwalimu alitoka, ameambiwa aende nyumbani na vidonge apunguze, akamwangukia mkewe begani huku machozi yanamtiririka.

"Mia tatu, mke wangu! Safari hii sidanganyi!"